Mama Mwenye Ujuzi, Mbona Hasikiki Mkutanoni?

Katika vikundi vingi tunavyotembelea tumeona jambo moja. Mwalimu anayetuliza darasa zima bila kuinua sauti, nesi anayeamua usiku peke yake kama mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, afisa wa kilimo anayetambua ugonjwa wa mahindi kwa kutazama jani tu: akina mama hawa wakifika kwenye kamati au baraza la chifu, wananyamaza. Wakisema, wanaanza na samahani. Watu husema ni haya, ati ndivyo wanawake walivyo. Sisi hatukubali. Mtu wa haya angewezaje kumwambia mume wa mtu kwamba mkewe lazima apelekwe hospitali sasa hivi, si kesho? Ujuzi anao na ulimi anao. Kinachokosekana ni mazoezi ya kusema mbele ya wakubwa, na mara nyingine ni mkutano wenyewe ulioendeshwa vibaya.

Tuchukue mfano wa zahanati. Nesi msimamizi kwa kawaida ndiye katibu wa kamati. Chanjo za watoto hutunzwa kwenye friji, kati ya digrii 2 na 8. Joto likizidi zinapoteza nguvu, na baadhi yake zikiganda zinaharibika pia. Sasa gesi ya friji inakaribia kwisha. Nesi anangoja mpaka mwisho, watu wameshachukua kofia zao, ndipo anasema: "Samahani wazee, sijui kama kuna nafasi, nilikuwa naona labda kama ingewezekana tuangalie mambo ya friji." Mwenyekiti anajibu, "Hiyo tutaiangalia siku nyingine," na mkutano unafungwa kwa maombi. Je, nani alikataa kununua gesi? Hakuna. Hakuna hata aliyejua kwamba ameombwa kitu.

Sasa sikiliza namna nyingine: "Mwenyekiti na wazee wangu, nina ombi moja. Gesi ya friji ya chanjo itakwisha Alhamisi. Ikiisha, chanjo zitaharibika, na akina mama watakaokuja kliniki wiki ijayo watarudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa. Naomba kamati ipitishe leo pesa za mtungi mmoja." Hajapiga kelele, wala hajamvunjia mzee yeyote heshima. Ametaja jambo lenyewe, siku, hasara na kile anachotaka. Mzee akitaka kukataa, itabidi akatae waziwazi, mbele ya watu, na hilo si rahisi.

Maneno kama hayo hayaji yenyewe. Siku mbili kabla ya mkutano mwone mwenyekiti, umwombe aliweke jambo lako kwenye ajenda, na liwe juu, si chini ya "mengineyo." Andika sentensi yako ya kwanza kwenye karatasi na uisome kwa sauti nyumbani, hata kama wanaokusikiliza ni kuku. Hiyo ya kwanza ndiyo ngumu, kwa sababu moyo unapiga na macho yote yako kwako. Ukishaivuka, nyingine zinafuata. Simama, ngoja watu watulie, kisha sema ukimtazama yule aliyeketi nyuma kabisa. Na useme lugha ya watu waliopo. Wengine wetu tukiogopa tunakimbilia Kizungu kingi. Wenye kofia wanatikisa kichwa kwa adabu na hawajaelewa kitu.

Ukikatizwa je? Usikae chini. Sema polepole, "Mzee, kwa heshima zako, nimalizie neno langu halafu nitakusikiliza." Halafu umalize kweli, kwa ufupi.

Lakini sauti si ya mdomo peke yake. Mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alisikia kwamba jumba la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alianza kwa kuandika barua kwa ofisi zilizohusika, akiuliza na kueleza kwa nini bustani hiyo isiguswe. Bungeni walimcheka na kumtukana, hata mambo ya ndoa yake yakaingizwa. Yeye aliendelea kuzungumza juu ya bustani. Baadaye mradi uliachwa, na Uhuru Park iko pale mpaka leo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mama akitukanwa mkutanoni, na hutokea, anaweza kufanya vilevile: asijibu tusi, arudi kwenye jambo. Na barua yenye tarehe na nakala hubaki kwenye faili, hata kama mdomo umezibwa.

Hata hivyo tusidanganyane. Profesa alilipa gharama kubwa, na wako akina mama walionyamaza kwa sababu walishaonja matokeo ya kusema: uhamisho wa ghafla, au ugomvi nyumbani. Kumwambia mtu kama huyo "jipe moyo" hakumsaidii. Jambo zito lisibebwe na mmoja. Waende wawili au watatu, na barua iwe na sahihi za kikundi kizima.

Kwenu wenye viti, tuna neno pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na siku hizi kamati nyingi zina akina mama. Lakini tumeona wameketishwa pembeni kwenye nyasi, wanaume wakiwa kwenye benchi, na mkutano ukaitwa saa ya kukamua ng'ombe. Tena kuna tabia hii: mama anatoa wazo, kimya; baada ya dakika kumi bwana fulani analirudia, na wote wanapiga makofi. Katibu aandike kwenye kumbukumbu jina la aliyelitoa kwanza.

Na vikundi vya meri-go-raundi ni mahali pazuri pa kujifunzia. Kila mkutano, mama mmoja atoe hesabu za kikundi kwa dakika tatu akiwa amesimama, na mwingine aendeshe kikao. Mwezi ujao wengine, hata yule anayesema yeye kazi yake ni kupika chai tu.