Umanjano wa Mtoto Mchanga: Hesabuni Siku

Njia ya zamani itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora hata Ujiji, ilihesabiwa kwa vituo. Kirangozi aliyejua kazi yake aliweza kusema msafara umefika wapi. Leo twataka kunena na wazazi, na walimu waulizwao mambo vijijini, juu ya jambo jingine lipasalo kuhesabiwa: umanjano wa mtoto mchanga.

Watoto wengi huonyesha umanjano kidogo katika juma la kwanza. Sababu yake si uchawi wala jicho la jirani. Mtoto huzaliwa na chembe nyingi za damu. Zikivunjika hutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Kazi ya ini ni kukiondoa, lakini ini lake bado changa. Basi rangi huonekana siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Lakini bilirubini ikizidi mno huingia katika ubongo. Huweza kuua, au kumwacha mtoto kiziwi na mwenye viungo visivyomtii.

Kwanza, hesabuni siku. Umanjano uonekanao kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa ni wa hatari, msingoje kesho. Ukipita siku 14, mpelekeni hospitali pia, na upesi zaidi ikiwa choo chake ni cheupe kama chokaa.

Pili, tazameni umefika wapi. Huanza usoni, hushuka kifuani, tumboni, kisha miguuni. Ukifika viganja na nyayo, umekwenda mbali mno. Ngozi nyeusi huuficha, na chumba chenye giza huuficha zaidi. Basi kila siku mleteni mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana, mtazame weupe wa macho na ufizi, na kubonyeza ncha ya pua kwa kidole.

Tatu, anyonyeshwe mara 8 hata 12 kwa usiku na mchana. Msimwage dang'a, maana yamsaidia kutoa choo cheusi cha kwanza, na bilirubini hutoka nacho. Maji ya sukari na dawa za miti hazimponyi.

Wako wasemao, “Mwanikeni juani.” Neno hili lina asili. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, mwuguzi Jean Ward aliona ngozi ya mtoto iliyopata jua imepungua manjano. Kutokana na hayo zikapatikana taa za mwanga wa buluu zitumikazo hata leo. Lakini jua kali la Unyamwezi humwunguza mtoto na kumkausha maji, wala halina kipimo. Taa ya hospitali inacho.

Tena, msimvike nguo zilizokaa sandukuni pamoja na vidonge vya nafthalini vya kufukuza nondo. Katika nchi za malaria wako watoto wengi ambao damu yao haistahimili kitu hicho; chembe huvunjika ghafula, na umanjano huzidi.

Hatari nyingine zijulikane pia. Kitovu kiachwe kikavu na safi, kisipakwe samadi wala majivu. Kikitoa usaha, au ngozi yake ikiwa nyekundu, ni ugonjwa. Macho yakitoa usaha, mtoto akipata homa au akiwa baridi, akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, akiacha kunyonya, akilegea, akijipinda mgongo au akipatwa na degedege, asilale nyumbani usiku huo.

Zamani wapagazi walitembea miezi toka pwani hata Tabora. Leo toka Sikonge au Urambo hata hospitali ya Kitete ni safari ya saa chache, ila nauli yapasa kuwapo. Basi, akina baba, iwekeni kabla mama hajajifungua, wala msiiguse hata siku 14 zipite.