Mwenda wa Bayeke na Gitaa Kavu

Haya wajukuu zangu, sogeeni niwasimulie habari za Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo.

Ukishika barabara ya Geita kutoka hapa Sengerema, ukaipita Geita yenyewe mpaka Ushirombo, umefika kwa majirani zetu Wasumbwa. Zamani walikuwa watu wa safari ndefu. Walikwenda kwa miguu hadi Katanga, Kongo, kufuata shaba. Katika karne ya 19 mmoja wao, Msiri, alibaki hukohuko, akajenga ufalme wake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke, au Bayeke kama wanavyosema huko. Mwaka 1891 alipigwa risasi na watu wa msafara uliotumwa kuiteka nchi yake kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri akafa, Wayeke wakabaki.

Bunkeya hiyohiyo ndiko alikozaliwa Mwenda Jean Bosco, mwaka 1930.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi nyimbo za wenyeji, alimkuta Mwenda mjini Jadotville, siku hizi Likasi, akipiga gitaa barabarani. (Tracey huyo miaka miwili nyuma alikuwa Tanganyika, akarekodi hata Wasukuma wetu.) Wimbo wa Mwenda uitwao “Masanga” ukaingia kwenye santuri, ukavuma.

Sasa tazameni mkono wake wa kulia. Vidole viwili tu vinafanya kazi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, linakwenda na kurudi bila kukosea hatua. Kidole cha shahada kinadonoa nyuzi nyembamba, na humo ndimo wimbo unamotokea. Gumba halimsubiri mwenzake hata kidogo! Mkijaribu, kwanza gumba litasimama kila shahada inapogusa uzi. Msikate tamaa, lizoesheni gumba peke yake mpaka liende lenyewe.

Kule Marekani, Weusi waliolima mashamba ya pamba walikuwa na nyimbo zao, bluzi, na wapigaji wao wengi waliliachia gumba lishike mwendo vivyo hivyo. Mississippi John Hurt alikuwa mmoja wao. Mwaka 1969 Mwenda naye alipanda jukwaani Newport, hukohuko Marekani, kwenye tamasha la nyimbo za asili, na nyimbo zake za Kiswahili cha Katanga.

Mwaka 1988, akiwa mtu mzima, alirekodi albamu Cape Town kwa gitaa lake kavu, yaani lisilo la umeme. Ulimwengu ulikuwa umemzoea kwa jina la Jean Bosco, lakini albamu hiyo iliitwa “Mwenda wa Bayeke”. Mimi jina hilo hunigusa kuliko sifa zote alizopewa, kwa sababu linamrudisha kwa watu wake, na watu wake walitokea huku kwetu. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Mkiipata albamu hiyo, sikilizeni kila wimbo mara mbili: kwanza fuateni gumba, kisha shahada.