Onyo la Uwongo la Virusi Simuni

Mkulima wa Dongobesh aliyeuza vitunguu saumu na kulipwa kwa simu, au mwenzake wa Basotu aiwashaye simu yake jioni kuulizia bei ya ngano, aghalabu hana kompyuta nyumbani. Akiba yake, barua zake na picha za jamaa zake zote zimo ndani ya simu janja moja, na kwa sababu hiyo onyo la virusi likimzukia ghafla humtia hofu zaidi kuliko mtu mwenye vyombo vingi. Kioo hugeuka chekundu, simu hutetemeka mkononi, na maandishi ya Kiingereza, ama ya Kiswahili kilichofasiriwa na mashine, humwarifu kwamba simu imeharibika kwa asilimia 28.1 kwa sababu ya virusi vinne, na kwamba asipobonyeza kitufe cha kusafisha kabla ya dakika mbili kwisha, kila kitu kitapotea.

Ithibati ya kwanza ya ulaghai huo ni tarakimu zenyewe, kwani asilimia 28.1 hiyo hiyo na virusi vinne vile vile wameonyeshwa watu wa nchi nyingi kwa miaka mingi, wenye simu mpya na wenye simu kuukuu; na lau pangalikuwapo uchunguzi wa kweli, majibu yangalitofautiana, kama yatofautianavyo majibu ya damu ya wagonjwa wawili katika maabara ya Hospitali ya Haydom.

Ithibati ya pili ni ya kisayansi. Kivinjari, kama vile Chrome, kimeundwa ili kila ukurasa wa intaneti ubaki katika eneo lake, usiweze kusoma mafaili ya simu wala kukagua programu nyingine. Ukurasa huo huambiwa machache tu, kama vile aina ya simu, lugha itumikayo, na anwani ya mtandao idokezayo nchi au mji. Laghai huyachukua machache hayo akayapachika katika onyo lake, na msomaji aonapo jina la simu yake limetajwa hudhani imekwisha kupekuliwa, ilhali mtu aliyeketi Katesh huweza kuambiwa yuko Dar es Salaam, kwa kuwa anwani ile aghalabu hufuata mitambo ya kampuni ya simu wala si mahali alipo mteja.

Walakini hila hii haikutegemea elimu ya mitambo. Imetegemea mwili wa binadamu. Mtu akitaharuki, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, na fikra hukazia jambo moja tu, nalo ni kuiondoa hatari iliyo mbele ya macho. Ndiyo maana onyo huja na muda unaohesabiwa kurudi nyuma, mtu asipate nafasi ya kumwuliza mwanawe au fundi simu.

Faida ya biashara hii ni kubwa. Kampuni ya Innovative Marketing, iliyowauzia watu zaidi ya milioni moja programu za kuondoa virusi visivyokuwapo, ilishtakiwa na serikali ya Marekani mwaka 2008, na mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya dola milioni 163 dhidi ya mmoja wa waliokuwa wakuu wake. Katika kompyuta za steshenari na maofisini, hila hiyo huvaa jina la Microsoft na kutoa namba ya kupiga. Nayo Microsoft imekwisha kutangaza kwamba maonyo yake hayana namba ya simu kamwe.

Virusi vya kweli vipo, lakini aghalabu hujificha, na dalili zake ni za kimya: bando huisha upesi, simu hupata moto bila kutumiwa, na programu usizozipakua huonekana. Onyo la kelele likikujia, usibonyeze kitu ndani yake, hata alama ya kufungia. Toka, ufunge kivinjari chote, na katika kompyuta bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukichague kivinjari katika orodha ifungukayo na kukizima. Kisha ingia katika mipangilio ya kivinjari, uondoe ruhusa ya arifa kwa kila tovuti usiyoijua, maana wengi walibonyeza “Ruhusu” walipoambiwa wathibitishe kuwa wao si roboti. Programu pakua kutoka Play Store tu, na uache kikaguzi chake, Play Protect, kikague simu.

Aliyekwisha kunaswa na onyo hilo akatoa namba yake ya siri ya pesa za simu asione haya wala asingoje kesho: aibadili mara moja, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake ili akaunti izuiwe, aupeleke ujumbe wa kitapeli, ikiwa alitumiwa, kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha afike kituo cha polisi akiwa na picha ya onyo lile, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeuhesabu udanganyifu wa namna hiyo kuwa jinai.