Damu Katika Ufizi

Katika nyumba nyingi mambo huenda hivi. Mtoto wa shule apiga mswaki asubuhi, atema mate, kumbe yana damu. Aogopa. Kesho yake apitisha mswaki juu juu tu, na kesho kutwa auacha kabisa, akisema kwamba unamjeruhi. Wazazi nao humwambia: «Acha kwanza, mwanangu, mpaka ufizi upone.» Shauri hilo latoka katika huruma, lakini lazidisha ugonjwa.

Sababu yake ni hii. Kila siku meno hufunikwa na utando laini wenye kunata, uitwao ukoga. Utando huo si mabaki ya chakula tu, umejaa vijidudu. Mwaka 1683 Mholanzi mmoja wa mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa kioo chake cha kukuzia, akastaajabu kuona viumbe vidogo vikienda huku na huku. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla ya kuthibitishwa kwamba ukoga ndio unaoleta ugonjwa wa ufizi. Mwaka 1965 Harald Löe, mganga wa meno Mnorwe aliyefanya kazi Aarhus katika nchi ya Denmark, alitangaza pamoja na wenzake jaribio lao: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Kabla ya majuma 3 hivi kwisha, wote 12 walikuwa wamepata ugonjwa wa fizi. Wakarudia kusafisha meno, na katika muda wa juma moja hivi fizi zikapona.

Basi mahali patokapo damu ndipo pa kusugua, kwa mswaki laini na mkono mwepesi, asubuhi na usiku, hasa pale jino liingiapo katika ufizi. Kijiti cha wazee wetu, kikitafunwa ncha mpaka kilainike, chafaa vilevile.

Ukiachwa, ukoga hushika chokaa iliyomo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi kitu. Ufizi huanza kuachana na jino, pakafanyika mfuko. Ndani yake vijidudu huongezeka, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole, miaka na miaka. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hauumi. Jino lililotoboka humwamsha mtu usiku, naye humwomba Mtakatifu Apolonia, yule shahidi wa Aleksandria aliyevunjwa meno mwaka 249 hivi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Kwa ajili ya ufizi ni nani amwitaye? Meno yakianza kulegea, mfupa umekwisha kupungua, wala haurudi wenyewe. Mvutaji wa tumbako hudanganyika zaidi, kwa maana tumbako hupunguza damu katika ufizi, nao waonekana mzima huku chini yake mfupa waliwa. Mwenye ugonjwa wa sukari naye ana taabu mbili: sukari huuharibu ufizi, na ufizi mgonjwa huifanya sukari iwe ngumu kutawala.

Mganga wa meno hupima mfuko kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Kikiingia milimita 1 hadi 3, ni kawaida. Kikipita hapo, hukwangua ukoga mgumu juu ya jino na chini ya ufizi, kwa chuma au kwa mashine yenye kutetema, pengine baada ya sindano ya ganzi. Baada ya majuma kadhaa hupima tena. Mifuko mirefu iliyobaki yaweza kufunguliwa kwa upasuaji, na mahali pengine waganga hutia unga wa mfupa ili mfupa uote tena kidogo. Lakini vidonge vinunuliwavyo sokoni bila shauri la mganga, twaona ni kutupa fedha: ukoga wabaki palepale.

Kwa mtoto mdogo aliyedhoofishwa na njaa, hasa baada ya surua au malaria, ugonjwa wa ufizi waweza kushika njia nyingine, ya haraka na ya kutisha, iitwayo noma. Shirika la Afya Duniani liliutia ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6. Ufizi huvimba na kutoka damu, kinywa hunuka vibaya, kisha shavu huvimba; na baada ya siku chache tu nyama ya uso huanza kuoza. Wasiotibiwa wengi hufa. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana, hata mtoto afichwe nyumbani. Ukikutwa mapema, huponywa kwa dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chenye nguvu. Mzazi aonaye dalili hizo ampeleke mtoto hospitali siku ileile, hata ikiwa ni Jumapili.