Santuri ya vijana wa kiwandani

Mama Mueni alikataa katakata. Alisema santuri ile haiingii nyumbani mwake, na kama ni lazima mumewe aisikilize, basi tukaisikilizie nje chini ya mwembe, pamoja na kuku. Simlaumu. Yeyote aliyewahi kulitazama jalada lile atamwelewa. Kuna kinu cha zamani cha maji, kuna vichaka vilivyokauka, rangi zake ni za kutatanisha kama ndoto ya mgonjwa wa malaria, na katikati amesimama mwanamke aliyevaa joho jeusi, uso umempauka, anakutazama kana kwamba unadaiwa. Juu yake limeandikwa jina la bendi, Black Sabbath, yaani Sabato Nyeusi. Kwa mama ambaye sijapata kusikia amekosa kanisani hata Jumapili moja, hayo yalitosha.

Lakini mimi sikuipeleka santuri ile Tala ili kumtisha mtu. Niliipeleka kwa ajili ya mkono wa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa. Siku za kazi alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha mabati huko Nairobi, na Ijumaa jioni alipanda basi la Machakos kwenda kupiga na wenzake katika mabaa. Mwaka 1979 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule mkono wa kubania nyuzi. Alipotoka hospitalini alimpa mwenzake gitaa lake, na tangu hapo hakugusa jingine. Kila mtu alimwambia maneno yale yale: shukuru Mungu, vitatu vimebaki. Nami nikiwa mtoto nilidhani hivyo ndivyo mambo yalivyo, kwamba mtu akikatwa vidole, muziki nao umekatwa.

Kisha nikasoma habari za Tony Iommi.

Iommi alizaliwa mwaka 1948 katika mtaa wa Handsworth, mjini Birmingham, Uingereza. Birmingham ulikuwa mji wa vyuma, viwanda na moshi, na mabomu ya vita vikuu vya pili yalikuwa yameacha magofu ambayo watoto waliyageuza kuwa viwanja vyao vya michezo. Alipofika miaka 17, kijana huyu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na jioni akipiga gitaa. Ikatokea bendi moja ikamchukua kwa safari ya kwenda kupiga Ujerumani, naye akaaga kazi. Siku yake ya mwisho alirudi nyumbani mchana kula, akamwambia mamake kwamba kiwandani harudi tena. Mama hakukubali, alitaka mwanawe aimalize siku yake ipasavyo. Kijana akatii, akarudi. Mchana huo mfanyakazi mmoja hakuwapo, basi Iommi akawekwa kwenye mashine ambayo hakuizoea. Ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Na Iommi ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio wake wa kubania nyuzi. Ni ajali ile ile ya mjomba, ila imegeuzwa kama kwenye kioo.

Madaktari walimwambia asahau gitaa. Meneja wake wa kiwandani, mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye santuri yoyote ingawa lilistahili, alimletea sahani ya Django Reinhardt, akamtaka aisikilize. Iommi hakutaka kusikia habari za gitaa hata kidogo. Alipokubali na kusikiliza, ndipo meneja akamwambia kwamba mpigaji yule alikuwa ameungua katika moto mwaka 1928, na mkono wake wa kubania ulibaki na vidole viwili tu vya kufanyia kazi.

Basi kijana akaanza ufundi. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vifuniko viwili vya kuvaa vidoleni, akavitoboa na kuvipiga msasa hadi vikakaa sawasawa. Plastiki ikawa inateleza juu ya nyuzi. Akakata vipande vya ngozi kutoka koti kuukuu, akavigandisha juu yake. Nyuzi za kawaida zikawa nzito mno kwa vidole vile, na wakati huo nyuzi nyepesi hazikuwa madukani kama leo, kwa hiyo akatumia nyuzi za banjo. Yeyote aliyepita Gikomba na kuona fundi akitengeneza kipuri kutokana na kipuri cha kitu kingine kabisa ataelewa akili ya namna hii.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Kidole cha plastiki hakina hisia. Mwenye nacho hajui kwa kugusa amebana uzi kwa nguvu kiasi gani, wala hawezi kutandaza vidole afanye kila mbwembwe wafanyazo wapigaji wenzake. Iommi akalazimika kutafuta njia nyingine ya kulijaza gitaa: nyuzi mbili tatu zikibanwa pamoja, sauti ya amplifaya ikifunguliwa, na noti moja ikiachwa ingurume hadi ichoke yenyewe. Uzito ule ambao leo vijana wa dunia nzima, Nairobi ikiwemo, huuiga kwa vidole kumi vizima, mwanzo wake ni mkono ambao haukuweza kufanya vingine.

Wenzake watatu walikuwa watoto wa Aston kama yeye. Ozzy Osbourne, mwimbaji, alikuwa amefanya kazi machinjioni na amewahi kufungwa jela kwa majuma kadhaa kwa wizi. Geezer Butler alipiga gitaa la besi na ndiye aliyekuwa akitunga maneno. Alikulia katika nyumba ya Kikatoliki. Bill Ward alipiga ngoma. Walianza pamoja mwaka 1968 wakipiga bluzi za Wamarekani weusi, wakijiita Earth. Walikwenda hata Hamburg, katika ukumbi wa Star-Club waliopitia Beatles, wakapiga mara kadhaa kwa siku hadi kila mmoja akajua mwenzake atakanyaga wapi kabla hajakanyaga. Mwaka 1969 wakagundua kwamba kuna bendi nyingine iitwayo Earth. Jina jipya walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Waliona watu wakilipa fedha ili watishwe, wakajiuliza kwa nini wasiwauzie hofu hiyo kwa muziki.

Tarehe 16 Oktoba 1969 waliingia katika studio ya Regent Sound, London. Walipewa siku mbili, na ya pili ilikuwa ya kuchanganya sauti tu. Kwa hiyo santuri nzima, nyimbo saba, ilinaswa kwa siku moja. Mtayarishaji alikuwa Rodger Bain, na fundi wa mitambo alikuwa Tom Allom. Vijana walipanga amplifaya zao kama jukwaani, Ozzy akawekwa katika kibanda chake pembeni, wakapiga na kuimba kwa pamoja. Nyimbo nyingi hazikurudiwa. Baada ya wimbo wa kwanza kifaa cha kunasa sauti kwenye gitaa la Iommi, Stratocaster, kiliharibika, akachukua lile la akiba, Gibson SG, akaendelea. Ni gitaa hilo la akiba ambalo watu humjua nalo hadi leo. Kazi ilipokwisha wakashika njia yao. Walikuwa na mahali pa kwenda kupiga.

Sisemi kwamba kila kilichomo ni dhahabu. Nyimbo mbili si zao. "Evil Woman" ni ya bendi ya Marekani iitwayo Crow, na wenyewe hawakuipenda sana; "Warning" ni ndefu mno kwa masikio yangu, ingawa wakubwa waliifyeka kabla ya kuitoa. Lakini wimbo wa kwanza, uliobeba jina la bendi, ni wa aina yake. Una noti tatu tu zinazorudiwa, ya tatu ikiwa imesimama mahali ambapo sikio haliitaki, mahali ambapo waalimu wa muziki wa Ulaya waliwahi kupaita shetani wa muziki. Butler alikuwa akicheza-cheza na kipande cha "Mars" cha mtunzi Gustav Holst, na kesho yake Iommi akaja na noti zake. Maneno yalitokana na usiku mmoja ambapo Butler, aliyekuwa akisoma vitabu vya uchawi, aliamka akaona kivuli cheusi kimesimama miguuni pa kitanda chake. Aliogopa akaviacha vitabu hivyo.

Kwa hiyo mtu anayeimba katika wimbo ule hamwabudu shetani. Anamkimbia, anatetemeka, anamwomba Mungu amsaidie. Nilimweleza Mama Mueni hayo kwa urefu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na kama wanamkimbia, mbona wamemchora mlangoni?"

Ukweli ni kwamba si wao waliochora. Mwanamke wa jaladani ni mwanamitindo aliyeamshwa alfajiri ya baridi kali kwenda kupigwa picha kwenye kinu cha Mapledurham, kando ya mto Thames. Na ndani, jalada likifunguliwa, kampuni iliweka msalaba uliopinduliwa bila kuwauliza wenye bendi, jambo lililowaudhi, na ambalo liliwaletea wageni wasiowataka: watu wa uchawi wa kweli, na wahubiri wenye hasira. Ni babake Ozzy, mfanyakazi wa kiwandani naye, aliyewatengenezea vijana misalaba ya alumini ya kuvaa shingoni iwakinge.

Santuri ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Wazungu huiogopa Ijumaa ya tarehe 13, na kampuni ililijua hilo vizuri. Wahakiki waliipiga mawe. Jarida la Rolling Stone liliwaona ni waigaji wa bendi ya Cream walioshindwa kuiga. Wanunuzi hawakusoma hayo, au walisoma wakapuuza. Santuri ilipanda hadi nafasi ya 8 Uingereza, na ilipotolewa Marekani mwaka huo huo ikafika nafasi ya 23. Nadhani wahakiki walisikiliza wakitafuta maua, kwa kuwa miaka ile muziki wa vijana ulikuwa wa maua na mapenzi. Vijana wa Aston hawakuwa na maua. Walikuwa na nyundo za viwandani zilizogonga mchana na usiku, na ndizo walizozipiga.

Nilianza kuitafuta santuri hii Julai 2025. Tarehe 5 mwezi huo wale wanne walipiga pamoja kwa mara ya kwanza kwa miaka 20, na kwa mara ya mwisho, katika uwanja wa Villa Park, pale pale Aston. Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti kama cha mfalme, kwa kuwa maradhi yalikuwa yamemnyima miguu. Alifariki tarehe 22, siku 17 baadaye. Nakala yangu niliipata katika soko la Kenyatta, Nairobi, kwa muuzaji wa santuri kuukuu, ina mikwaruzo lakini inalia.

Basi tukaketi chini ya mwembe, mimi, mjomba, na gramafoni ndogo ya betri niliyoazima. Wimbo wa kwanza huanza kwa mvua, radi, na kengele ya kanisa kwa mbali. Ni mtayarishaji aliyeviongeza baadaye, bendi haikujua. Sekunde chache tu mvua ile ilipoanza, Mama Mueni alitoka jikoni mbio, akavuta nguo zote kwenye kamba, akasimama nazo mikononi akitazama mbingu iliyokuwa nyeupe kabisa. Alipotambua, alitutazama kwa namna ambayo ningependa kutoieleza.

Mjomba hakucheka. Noti zile tatu ziliposhuka aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimempa habari zote za Iommi njiani kutoka stendi, naye hakusema neno. Sasa niliona mkono wake wa kushoto juu ya goti, vidole viwili vifupi vikibonyea kwenye kitambaa cha suruali, vikiinuka, vikibonyea tena, vikichelewa kidogo kila mara. Upande wa kwanza ulipokwisha aliniambia niirudishe sindano mwanzo. Tukaisikiliza mara tatu. Kuku waliondoka.

"Hiyo chupa," akasema mwishowe, "ulisema ya sabuni gani?"

"Ya vyombo, mjomba. Ile ya majimaji."

Akainuka, akaelekea jikoni. Punde nikasikia sauti ya Mama Mueni ikimwuliza anaipeleka wapi sabuni yake, na bado ina nusu.