Kelele Zisizo na Sauti: Jinsi Mawimbi Yachukuavyo Maji

Nyakoe haina pwani, lakini maji ya nyanda za juu za Kisii na Nyamira huteremka kwa Mto Gucha hadi Ziwa Viktoria, na samaki wa ziwa hilo hupandishwa hadi masoko ya Gusii. Magugu maji yanapoziba Ghuba ya Winam, kama ilivyotokea mwaka 1998, mashua hukwama na kitoweo huadimika. Makala haya yanadhamiria kufafanua sehemu moja ya safari ya vitu vieleavyo: mawimbi hubebaje maji, na unasibu hubadilisha nini?

Aghalabu husemwa kuwa wimbi hupita, maji yakabaki. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1847, George Gabriel Stokes alionyesha kwamba chembe ya maji huzunguka wimbi lipitapo, ila duara lake halifungiki: husonga mbele kuliko irudivyo nyuma. Haba na haba hujaza kibaba. Penye kina kirefu, wimbi la urefu wa mita 20 na kimo cha mita 1, toka bonde hadi kilele, husogeza maji ya juu takriban sentimita 14 kwa sekunde, yaani nusu kilomita kwa saa. Kimo kikiongezeka mara mbili, mwendo huo huongezeka mara nne.

Hapa ndipo kelele huingia. Kisayansi, istilahi hii haimaanishi sauti tu, bali pia mabadiliko yasiyotabirika: upepo wa ghafla, mawimbi yasiyolingana, misukosuko ya maji. Tuchukue mawimbi ya urefu ule ule, nusu ya muda yakiwa na kimo cha mita 0.5, nusu nyingine mita 1.5. Wastani wa kimo ungali mita 1, lakini mwendo wa wastani umezidi kwa robo, kwa kuwa mawimbi makubwa huongeza kuliko madogo yapunguzavyo. Pili, kelele hutawanya vitu vilivyoanza safari pamoja. Tatu, mwaka 1998 Jansons na Lythe walionyesha kwamba kelele huweza kubadili mwendo wenyewe: penye mawimbi yanayopishana, chembe zinazotikiswa kwa viwango tofauti huweza kuelekea pande tofauti.

Kwa hivyo, atakaye kujua magugu yatatua ufuo upi asitegemee wastani pekee. Azingatie pia mikondo, na upepo usukumao majani. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu: tukilitumia neno "kelele" bila ufafanuzi, mvuvi atadhani twazungumzia ngoma, na onyo litampita.