Rezo ya kompyuta katika koperative: faida yake na hasara yake



Huku Shituru mtu akisema «rezo haiko», tunafikiri simu tu. Lakini rezo ni mashini mbili ao zaidi zilizounganishwa ili zipashane habari. Koperative kadhaa zinatuuliza kama inafaa kuunganisha kompyuta za depo na za biro. Tueleze kwanza kazi yake.

Rezo ni nini?

Rezo ndogo iko ndani ya nyumba moja ao lupango moja. Kompyuta zinaungwa na waya ao kwa wifi, kupitia kisanduku kidogo kinachopokea habari na kuipeleka kwa mashini inayotakiwa. Ndani ya waya muko nyuzi 8, zimesokotwa mbili-mbili. Nyuzi zenyewe ni shaba, ile tunayoijua sisi wa Likasi. Waya usipite metre 100, juu ya ukiwa mrefu zaidi habari inaanza kupotea njiani.

Intaneti ni rezo kubwa, inaunganisha rezo za dunia nzima. Tusichanganye hizi mbili: rezo ya koperative inatumika bila intaneti, pasipo kulipa mega hata moja.

Inasaidia nini?

Tuseme depo imepokea mifuko 64 ya mahindi ya mama mmoja. Karatasi inafika biro, wanakopia 46. Mifuko 18 imepotea kwenye daftari. Kwa kilo 50 kila mfuko, ni kilo 900. Hapo ugomvi unaanza, na pengine mama anatoka katika koperative. Rezo ikiwepo, anayepima ndiye anaandika, na biro inaona namba ile ile saa ile ile. Hakuna kukopia mara ya pili. Tena imprimanti moja inatosha mashini zote, na kamati ya usimamizi inasoma hesabu bila kungoja mtunza feza arudi.

Lakini rezo haipimi kilo. Kama mizani inadanganya, uongo unafika biro mbio zaidi.

Inaumiza wapi?

- *Umeme.* Siku ya delestaji kisanduku kinazimika, na rezo inakufa hata kama kompyuta iko na batri.
- *Virusi.* Kle USB moja yenye virusi ikiingia depo, ugonjwa unaweza kufika mashini zote, sawa vile kipando kimoja cha muhogo chenye mozaiki kinavyoleta ugonjwa shambani.
- *Hesabu mahali pamoja.* Mashini inayozitunza ikiharibika ao ikiibiwa, zote zimeenda.
- *Kubadilisha namba.* Kwenye daftari, mkato wa kalamu unaonekana. Kwenye kompyuta, anayejua neno la siri anaweza kubadilisha, na pengine alama haibaki.
- *Intaneti kukatwa.* Tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwetu, ikarudi karibu wiki 3 nyuma yake, katika Januari 2019. Koperative inayotunza hesabu zake kwenye intaneti peke yake, siku kama zile inalipa wakulima namna gani?

Kabla ya kununua

Kama koperative iko na kompyuta moja, rezo haina kazi bado; nunueni kwanza mizani nzuri. Kama ziko mbili ao zaidi, mkutano uamue nani anaandika na nani anasoma tu. Kila mtu awe na neno lake la siri, asimpe mwingine. Kila Ijumaa hesabu zikopiwe kwenye kle USB isiyofanya kazi ingine, itunzwe nyumba ingine, si biro.

Na daftari ya depo isitupwe. Mwanakoperative asiondoke pasipo bono yenye kilo, tarehe na saini: siku namba za kompyuta zitakapobishaniwa, bono hiyo ndiyo itawekwa mezani.